Bado, Tayari, Tena: Kwa Nini Mwanafunzi wa Karagwe Hujibu "Still"

Katika sekondari za Karagwe, iwe Ihanda, Nyaishozi au Kayanga mjini, mwalimu wa Kiingereza hakai muda mrefu kabla hajalisikia jibu hili. Anauliza darasa, "Have you finished?" na darasa linajibu kwa sauti moja, "Still!" Mwalimu anasahihisha: semeni "Not yet." Wanarudia vizuri. Wiki inayofuata swali ni lile lile na jibu ni lile lile.

Kosa lenyewe ni la nchi nzima, na Kenya nako linasikika. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba wanafunzi hawajui Kiingereza, au hawapendi kusoma. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu hayasemi kwa nini wote wanakosea kwa namna moja. Asiyejua hubahatisha, na wanaobahatisha hawaangukii wote neno lile lile. Wanaoangukia neno moja wamepiga hesabu, na hesabu hiyo ina chanzo.

Chanzo ni "bado", neno la Kiswahili linalofanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maneno mawili au matatu. Lakini huko Karagwe kuna jambo la ziada ambalo mjadala wa lugha shuleni haulitaji. Watoto wengi wa huko wamekua na Kinyambo, na Kinyambo kinazitenganisha maana hizo waziwazi, ndani ya kitenzi, kama Kiingereza kinavyozitenganisha kwa vielezi vyake. Mtoto anaingia darasani na ufunguo mkononi, naye anaelekezwa kwenye mlango mwingine.

Nafasi nne

Chukua kazi moja, kupalilia shamba la mibuni. Msemaji anaweza kutoa taarifa kavu: anapalilia, au hapalilii. Mara nyingi, hata hivyo, anataka kusema zaidi. Anataka kuonyesha kwamba kuna badiliko lililotarajiwa, na kwamba limefika au halijafika. Hapo zinajitokeza nafasi nne. Kazi inaendelea ingawa ingeweza kuwa imekoma: angali anapalilia. Kazi haijaanza ingawa inangojewa: hajaanza kupalilia. Kazi imeanza au imekwisha, pengine mapema kuliko ilivyodhaniwa: ameshapalilia. Kazi ilikuwepo na sasa imekoma: hapalilii tena.

Wanaisimu wamezishughulikia nafasi hizi kwa miongo kadhaa. Mjerumani Sebastian Löbner alionyesha mwaka 1989 kwamba vielezi vya namna hii katika Kijerumani havisimami kila kimoja peke yake. Ni mfumo, na ukikikanusha kimoja unaangukia nafasi ya mwenzake. Mwaka 1997 Theo van Baar alilinganisha mifumo hiyo katika lugha za sehemu mbalimbali za dunia, na mwaka 2021 Raija Kramer alihariri kitabu kizima kuhusu lugha za Afrika. Kiswahili hakikusahaulika: Thilo Schadeberg alikiandikia makala mwaka 1990, akiitazama dhana ya jambo lisilotarajiwa kama sehemu ya sarufi yake.

Somo kubwa la kazi hizo ni kwamba nafasi ni nne lakini hakuna lugha inayolazimika kuwa na maneno manne. Kifaransa, kwa mfano, kinatumia "encore" kwa jambo linaloendelea, kisha kinalitia ukanushi neno hilo hilo kupata maana ya jambo ambalo halijafika, na bado kinalitumia kwa maana ya kurudia. Lugha moja inagawa kwa maneno, nyingine kwa viambishi, nyingine kwa mpangilio wa sentensi. Mwanafunzi anapotoka lugha moja kwenda nyingine, tatizo lake halimo katika nafasi zenyewe, kwa kuwa anazijua toka utotoni. Limo katika kujua ni wapi lugha mpya inaweka alama.

Kiingereza kinavyogawa

Kiingereza kimeweka alama zake nje ya kitenzi. "Still" ni kwa linaloendelea, "not yet" kwa lisilofika, "already" kwa lililokwisha kufika, "no longer" au "any more" kwa lililokoma. Juu juu mambo ni mepesi. Ugumu uko katika masharti ya kila neno.

"Still" zamani lilikuwa neno la utulivu, la kitu kisichotikisika, na maana hiyo ingalipo katika Kiingereza cha leo. Kitu kilichotulia hakijabadilika, na humo ndimo ilimozaliwa maana ya wakati. Neno hili hupenda kukaa kabla ya kitenzi kikuu, na likikutana na ukanushi hutangulia kitenzi kisaidizi: "He still hasn't come." Sentensi hiyo si taarifa tu. Ina manung'uniko ndani yake, ya mtu aliyesubiri mpaka akachoka. Ukisema "He hasn't come yet", umetoa habari ile ile bila lawama. "Yet" hukaa mwisho, na huhitaji ukanushi au swali. "Already" hukaa katika kauli ya kukubali. Katika swali huonyesha mshangao, na Wamarekani hulitumia kwa wepesi na wakati uliopita wa kawaida, mahali ambapo Mwingereza angetaka wakati timilifu.

Kwa mada yetu, jambo la kushika ni moja. "Still" likiwa peke yake halina kauli. Halisemi kama jambo lipo au halipo, bali linaegemea sentensi iliyo karibu nalo. Muulizaji akisikia "Still" baada ya "Have you finished?", anabaki anasubiri umalizie: still nini? "Not yet" linasimama peke yake kwa sababu limebeba ukanushi wake lenyewe.

Bado lina maana ngapi?

"Bado" limetoka katika Kiarabu, kwenye jamii ya neno lililotupatia pia "baada". Katika Kiarabu cha mazungumzo cha Shamu na cha Ghuba, neno la jamii hiyo hutumika kusema kwamba mtu angali katika hali fulani. Kiswahili kililichukua, kikalipanua na kulipa kazi nyingi.

Litazame linavyofanya kazi. "Bado anapika." "Bado hajapika." "Umepika?" "Bado." "Bado unaumwa?" "Bado." Mtafsiri atalipa neno hili "still" katika mfano wa kwanza, "not yet" katika wa pili na wa tatu, kisha "yes, still" katika wa nne. Anayeisoma orodha hiyo ataona kwamba "bado" ni neno lenye utata, lenye kusema ndiyo na hapana kwa mdomo mmoja.

Utata huo ni wa tafsiri, haumo katika neno. Kwa Mswahili "bado" linasema jambo moja katika mifano yote: badiliko tunalolingojea halijafika. Anayepika angali anapika, kwa kuwa badiliko la kumaliza halijafika. Ambaye hajapika yuko alivyokuwa, kwa kuwa badiliko la kupika halijafika. Mgonjwa aliyejibu "bado" anasema badiliko la kupona halijafika. Kama jambo lenyewe lipo au halipo, hiyo ni kazi ya kitenzi, na pasipo na kitenzi ni kazi ya swali lililoulizwa. Ndiyo maana wasemaji hatukwami. "Chai bado", "ndizi bado", "bado dakika kumi", "bado wawili", "bado kidogo": kila mmoja anajua kinachosubiriwa. Kiingereza kingehitaji muundo tofauti kwa kila mojawapo, na katika karibu yote "still" lisingeingia kabisa.

Sasa hesabu ya mwanafunzi inaonekana. Amefundishwa kwamba "bado" ni "still". Katika "bado anapika" ulinganifu huo ni sahihi. Katika "bado hajapika" nao unafanya kazi, kwa kuwa Kiingereza kinaruhusu "still" mbele ya ukanushi. Ameujaribu mara mbili na mara mbili umemfikisha. Basi anaupeleka mahali pa tatu, kwenye jibu la neno moja, na huko unamwangusha, kwa sababu "bado" linaweza kusimama bila kitenzi na "still" haliwezi. Kosa lake ni dogo na lina mipaka inayoonekana.

Kuna hata faida iliyojificha katika mpangilio wetu wa maneno. Mswahili akisema "hajaja bado", mara nyingi anatoa taarifa. Akisema "bado hajaja", akalikazia neno la mwanzo, manung'uniko huanza kusikika. Neno likikaa mwisho linakuwa karibu na "yet", likitangulia linakuwa karibu na "still". Si kanuni ya chuma, kwa sababu sauti ya msemaji inaweza kuugeuza mwelekeo huo. Hata hivyo ni mwongozo mzuri kuliko orodha ya tafsiri, na mwanafunzi anao tayari masikioni.

Kinachofanywa na kitenzi

Kwa kuwa "bado" linasikika kila mahali, ni rahisi kusahau kwamba Kiswahili kina vifaa vingine kwa nafasi hizi nne, na vingi viko ndani ya kitenzi.

Kwa jambo linaloendelea tuna "-ngali": angali mtoto, wangali wanasoma, ningali nakumbuka. Hapa hakuna utata hata kwa mtafsiri, kwa kuwa "angali" haliwezi kumaanisha "not yet". Katika mazungumzo ya bara limepungua, wengi wakiliona ni la vitabuni na la watu wa pwani, lakini kila aliyefika sekondari analielewa.

Kwa jambo lisilofika tuna "-ja-": hajala, hawajafika, haijaiva. Kiambishi hiki kinabeba tarajio. "Hakula" ni habari iliyofungwa: chakula kilikuwepo, muda ukapita, yeye hakula. "Hajala" huacha mlango wazi. Kiswahili hukipenda kiambishi hiki hata baada ya "kabla": kabla hajafika, kabla mvua haijanyesha. Kiingereza hakitii ukanushi hapo, na mwanafunzi anayefuata mkondo wa Kiswahili huandika sentensi ambayo kwa Kiingereza inasema "kabla ya kutofika".

Kwa lililokwisha kufika tuna "-mesha-", kifupi cha "-mekwisha", kutoka kitenzi "kwisha": ameshakula, nimeshalipa, au kwa mkato wa pwani, keshaondoka. Kugeuza kitenzi cha kumaliza kuwa alama ya jambo lililotimia ni njia inayopitiwa na lugha nyingi duniani. Njia ya pili tunayo katika "tayari", neno lililoanza likiwa na maana ya maandalizi kamili. Inapendeza kuona kwamba "already" nalo liliundwa kwa kuunganisha maneno mawili yenye maana ya "tayari kabisa". Lugha mbili zisizo na undugu zimepita njia moja.

Ila undugu huo wa sura unadanganya. Mgeni akiinuka kuaga na mwenyeji akashangaa, Mwingereza atasema "Are you leaving already?" Mswahili hatasema "Unaondoka tayari?" Atasema "Mara hii?" au "Mbona mapema, mama?" Mshangao wa "already" unabebwa na "mara hii", "kumbe" na "mbona". "Tayari" kwetu limebaki na harufu ya maandalizi na kukamilika. Linapofungua sentensi ya habari, "Tayari polisi wameanza uchunguzi", mara nyingi ni Kiingereza cha chumba cha habari kilichovaa kanzu.

Kwa lililokoma tuna "tena" na ukanushi: hakai hapa tena, sivuti tena. Tatizo ni kwamba "tena" ni neno la kurudia pia. Hapo ndipo linapotoka kosa la pili maarufu la shuleni, "He doesn't work here again". Mwanafunzi amefanya kile kile alichokifanya kwa "bado": amelichukua neno moja lenye kazi mbili, akalipeleka kwa neno la Kiingereza lenye kazi moja.

Kinyambo na majirani wa ziwa

Kinyambo, ambacho wenyewe hukiita Orunyambo au Runyambo, ni lugha ya Karagwe na Kyerwa. Wanaisimu wanaiweka katika kundi la Rutara, jina lililotumiwa na Henry Muzale katika utafiti wake wa mwaka 1998 kuhusu njeo na hali za lugha hizo. Ndani ya kundi hilo wamo pia Kihaya, Runyankore na Rukiga, Runyoro na Rutooro, Kizinza na Kikerewe. Josephat Rugemalira alitoa msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, na sarufi ya Runyambo mwaka 2005, yote chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, kinachohitajika kwa kazi hii kimeandikwa miaka mingi iliyopita.

Sifa kubwa ya lugha hizi ni utajiri wa kitenzi. Mnyambo hana haja ya neno la nje kusema jambo linaendelea. Naakora ni "anafanya kazi". Akyakora ni "angali anafanya kazi". Kile "-kya-" kilichoingia katikati kinafanya kazi yote ya "still". Kikanushe, upate takyakora: hafanyi kazi tena. Kiambishi kile kile, kikiwa na ukanushi mbele, kinajaza nafasi ya "no longer", na hakiwezi kuchanganywa na neno la kurudia. Jambo lisilofika lina umbo lake jingine la ukanushi, lisilohusiana na "-kya-" hata kidogo.

Vuka Mto Kagera pale Murongo uingie Uganda, au elekea magharibi Rwanda, utakuta mpango ule ule. Msemaji wa Luganda anasema akyakola kwa anayeendelea na kazi, takyakola kwa aliyekoma, na tannakola kwa ambaye hajafanya. Mnyarwanda anasema aracyakora, ntagikora na ntarakora. Ukanda mzima wa magharibi ya Ziwa Viktoria unazitenganisha nafasi hizi katika kitenzi.

Linganisha sasa lugha tatu za mtoto wa Ihanda. Kinyambo kinatenganisha "angali" na "hajafanya" lazima, kila mara, kwa maumbo mawili yasiyofanana. Kiingereza nacho kinatenganisha lazima, kwa "still" na "not yet". Kiswahili kinaweza kutenganisha kwa "-ngali" na "-ja-", lakini hakilazimishi, na katika mazungumzo ya kila siku kinapendelea "bado" kwa yote mawili. Kwa jambo hili moja, Kinyambo kiko karibu zaidi na Kiingereza kuliko kilivyo Kiswahili. Mtoto aliyesema akyakora toka akiwa na miaka mitatu ameshaijua tofauti anayoulizwa. Tunampitisha kwenye "bado", tofauti inafutika, kisha tunamlaumu kwa kutoiona.

Sheria na adabu za neno dogo

Atakayesema huu ni mjadala wa walimu peke yao aende kwenye mashamba ya kahawa. Karagwe na Kyerwa zinajulikana kwa kahawa, hasa robusta, na pia kwa butura, biashara ya kununua kahawa ikingali mtini, kabla haijaiva, kwa bei ya chini, kutoka kwa mkulima mwenye shida ya ada ya shule au matibabu. Viongozi wa Kagera wameipiga marufuku mara nyingi, nayo inarudi kila shida inaporudi. Butura yote inaishi katika nafasi hizi nne: fedha imeshatoka, kahawa haijaiva, mibuni ingali ya mkulima, na mavuno si yake tena. Mnunuzi anayemwambia mkulima "Mzee, kahawa bado?" anauliza jambo moja kwa lugha na jambo jingine kwa mfuko.

Katika shauri la shamba, tofauti ya viambishi viwili inaweza kuwa nzito kuliko shahidi. Anayesema "sikumuuzia" anakana mauzo. Anayesema "sijamuuzia bado" anakana kwamba mauzo yamekamilika, lakini ameacha dokezo kwamba yalikuwa njiani. Msikilizaji makini ataidaka "bado" hiyo na kuuliza: kwa hiyo mlikuwa mmekubaliana? Tarajio lililomo ndani ya neno limegeuka kuwa nusu ya ungamo.

Tarajio hilo hilo ndilo linaloifanya "bado" kuwa neno la adabu. Kijana akiulizwa na shangazi kama ameoa, "hapana" ni jibu la ukweli lakini lina ukavu, kana kwamba amelifunga jambo na kuukataa ukoo. "Bado, shangazi" linasema ukweli ule ule na kuheshimu matumaini ya aliyeuliza. Ni hivyo kwa watoto, kwa nyumba, kwa kazi. Wageni wanaojifunza Kiswahili huambiwa mapema wasijibu "hapana" kwa maswali hayo. Kwa Kiingereza, "No" katika mazingira hayo halina ukali, na "Not yet" likijibiwa mahali pasipo na tarajio linaweza hata kuchekesha. Kwa hiyo hata baada ya mwanafunzi kulijua umbo sahihi, angali anahitaji kujua ni lini Mwingereza anasubiri badiliko na ni lini anauliza tu.

Je, tuache kosa liwe Kiingereza chetu?

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza cha Afrika Mashariki kina haki ya kuwa na sura yake. "Still" la darasani linaeleweka na wote waliomo darasani, na lugha haina mwenye hati miliki. Hoja hiyo ina uzito. Kiingereza cha India, cha Nigeria na cha Marekani vimefika vilipo kwa kuacha na kubadilisha.

Uzito wake unapungua pale kosa linapogeuza maana. Mgonjwa anaulizwa na daktari mgeni, "Have you taken the medicine?" Anajibu "Still", akimaanisha hajameza. Daktari anasikia kwamba angali anaendelea na dozi. Mteja anasoma ujumbe kwamba fulani "doesn't work here again", akabaki na wazo kwamba mtu huyo aliwahi kuondoka, akarudi, kisha akaondoka mara ya pili. Hapa si suala la lafudhi wala la ladha. Habari iliyotumwa siyo iliyopokelewa, na hakuna upande uliojua.

Pingamizi la pili linahusu sera. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali toka mwaka 1967, na sekondari ni Kiingereza, hivyo Kinyambo hakina kipindi. Ni kweli, na hakuna anayeomba kipindi. Lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliwahimiza Watanzania kuzienzi na kuzitafiti lugha zao za asili, na kumuuliza mwanafunzi "nyumbani mnasemaje?" kwa dakika moja hakubadili lugha ya kufundishia. Ni njia ya kumfikisha kwenye Kiingereza haraka zaidi.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: si kila mtoto wa Karagwe ni Mnyambo. Wapo Wahaya, Wahangaza, Wasukuma na wengine, na katika miji kama Kayanga na Omurushaka wapo wanaokua na Kiswahili tangu utotoni. Hao ufunguo wa "-kya-" hautawasaidia. Msaada wao umo ndani ya Kiswahili chenyewe, na huo unamfaa mtoto wa Tanga na wa Kisumu vilevile.

Kinachowezekana kesho asubuhi

Mwalimu anaweza kuacha kuanza na orodha ya "bado ni still, yet". Aanze na kitenzi. Mistari minne ubaoni inatosha: angali analima, hajalima, ameshalima, halimi tena. Mbele ya kila mmoja aweke sentensi nzima ya Kiingereza, siyo neno moja: "He is still farming", "He hasn't farmed yet", "He has already farmed", "He doesn't farm any more". "Bado" na "tena" visionekane ubaoni mpaka mistari hiyo imezoeleka, na vikija vije kama maswali: hapa bado hii ni "angali" au ni "haja-"? Mwanafunzi anayeweza kuligeuza "bado" kuwa mojawapo ya maumbo hayo mawili hatakosea tena upande wa Kiingereza. Asiyeweza, hata akikariri "not yet" mara mia, atarudi kwenye "still" siku ambayo hajajiandaa.

Kwenye darasa la Wanyambo mwalimu aongeze safu ya tatu, na waijaze wao. Mwalimu mgeni kutoka Mbeya au Lindi hahitaji kuijua lugha hiyo, kwa kuwa watakaoijaza ni wenyewe, naye atajifunza pamoja nao. Kwa muhula mmoja akatae pia majibu ya neno moja kwa maswali ya "Have you", kwa sababu hapo tu ndipo "still" linapoanguka.

Watunga kamusi nao wana sehemu yao. Neno kama "bado" halifafanuliwi kwa visawe viwili vilivyotenganishwa na mkato. Linahitaji sentensi tatu: moja yenye kauli ya kukubali, moja yenye ukanushi, na moja ya jibu pekee, kila moja na Kiingereza chake. Nafasi ya mistari mitatu katika kamusi ya shule ingeokoa wekundu mwingi wa kalamu za wasahihishaji.

Anayejibu "Still" anajua kwamba badiliko halijafika, na hilo ni gumu kuliko yote katika mada hii. Kinachomkwamisha ni kwamba Kiingereza kinamdai ataje pia jambo lenyewe, kama lipo au halipo, na deni hilo Kinyambo humdai kila siku naye hulilipa bila kufikiri. Shule ikikubali kuanzia hapo, kosa lililodumu vizazi kadhaa ni somo la kipindi kimoja.